Kitakaa Wapi Ukiwa Juu ya Mashine?

Barua za safari hii zinafanana. Likizo imekaribia, watoto wameahidiwa siku nzima kwenye bustani ya burudani, yenye mashine za kurusha roho, na nyumbani watu wanapakia kama wanaohama. Kabla ya kujiuliza ubebe nini, jiulize kila kitu kitakaa wapi dakika ile umefungwa kitini, miguu inaning'inia. Ukishindwa kujibu, kitu hicho kibaki nyumbani. Majibu yetu yote yameshikilia swali hilo.

Habari za kazi. Mwezi wa saba tunakwenda Orlando watu wanne: mimi, baba watoto, mkubwa wa miaka 11 na mdogo wa miaka 6. Siku ya kwanza Magic Kingdom, ya pili Islands of Adventure. Mara ya mwisho begi langu la mgongoni lilipima kilo 9, na nusu ya vitu havikuguswa. Nipunguze nini?
*Mama Wawili, Houston*

Mama Wawili, usipunguze chochote kwanza. Zitenganishe hizo siku mbili, maana desturi ya begi katika bustani hizo ni mbingu na ardhi.

Magic Kingdom ni ya Disney, na huko mashine nyingi unapanda na begi lako na kuliweka miguuni. Tron, iliyofunguliwa mwaka 2023, ni tofauti kwa kuwa mnakaa kama waendesha pikipiki na miguuni hapana nafasi, kwa hiyo kuna makabati ya bure kabla ya kupanda. Islands of Adventure ni ya Universal. Huko mashine kali hazitaki begi hata dogo. Kila moja ina makabati ya bure ya muda, lakini ni membamba. Begi bapa linaingia, lililotuna haliingii, na la kilo 9 litakupeleka kwenye kabati kubwa la kulipia, tena na tena kila mnapobadilisha mashine. Kwenye Hulk na VelociCoaster, mbili kati ya mashine hizo kali, mtapita pia kwenye kikaguzi cha chuma, kwa hiyo hata funguo na sarafu zinabaki kabatini. VelociCoaster makabati yako ndani ya foleni, karibu na mwisho, hivyo simu unakaa nayo muda mwingi wa kusubiri. Hulk, simu unaiacha kabla ya foleni. Mwambieni mkubwa mapema, asije akanuna saa nzima.

Mdogo hatapanda hizo mbili. VelociCoaster inataka urefu wa sentimita 130, Hulk 137, na mkubwa naye apimwe nyumbani kabla ya kuahidiwa. Hapo ndipo begi linapopata mlinzi. Baba anapanda, wewe unakaa na mdogo na begi, kisha mnabadilishana. Mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kabla ya kuingia foleni kwamba mnataka kupokezana mtoto, ili wa pili asianze foleni upya. Utaratibu huo upo Disney na Universal pia.

Sasa chakula, maana ndicho kilichojaza zile kilo 9. Disney wanaruhusu chakula na vinywaji kutoka nyumbani ila vileo, vyombo vya kioo (isipokuwa vichupa vya chakula cha mtoto mchanga) na barafu ya kumwaga. Badala ya barafu, gandisha chupa mbili za maji usiku. Zinapoza chakula asubuhi na zinanyweka adhuhuri. Universal wanakubali vitafunwa vidogo na maji, lakini si sanduku gumu la kupozea. Chapati za kukunja, korosho, tende na matunda makavu vinavumilia. Chokoleti itakuwa uji kabla ya saa nne. Sambusa za nyama ndizo zinazoponza watu. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 muda huo unashuka hadi saa 1. Orlando mwezi wa saba nyuzi 32 ni kawaida. Zileni kwenye gari kabla ya kuingia, au ziacheni.

Maji usibebe ya kutwa. Lita moja ni kilo moja, haina mjadala. Beba chupa mbili tupu nyepesi zaidi ya zile zilizogandishwa, ujaze ndani. Disney, vibanda vinavyouza vinywaji vya kumimina hutoa kikombe cha maji ya barafu bila malipo ukiomba.

Mvua ya radi ya mchana ni kama ratiba Florida wakati wa kiangazi, na radi ikikaribia mashine za nje zinasimama. Mwavuli uache. Ni mzito, unachoma watu macho kwenye msongamano, na haukai popote ukiwa kwenye mashine. Beba makoti mepesi ya plastiki ya kujitumbukiza kichwani, gramu 50 hivi kila moja, na ununue kabla ya safari, kwa sababu mvua ikishaanza utanunua kwa bei ya mwenye shida. Jinzi msivae. Ikilowa asubuhi, jioni bado inakwaruza mapaja.

Hesabu ya begi zima, basi: kanga moja (gramu 200 hivi), pawabenki na waya (230), mafuta ya kukinga jua kwenye kichupa cha mililita 100 (110), makoti manne ya mvua (200), vitafunwa (500), dawa za lazima na plasta chache (50), soksi jozi mbili za akiba (100), nguo ya kubadili ya mdogo peke yake (250), chupa mbili tupu (240), begi lenyewe la lita 15 (400). Hapo ni kama kilo 2 na robo, na ukiongeza zile chupa mbili za nusu lita zilizogandishwa, kilo 3 na ushee. Kanga imechukua nafasi ya taulo, shuka la kukalia, kivuli cha mtoto aliyelala na kikaushio. Taulo la kuogea lina gramu 500 likiwa kavu, na likilowa hutatamani kulibeba.

Sanduku la huduma ya kwanza liache. Disney kuna vituo vya huduma ya kwanza ambavyo plasta hutoa bure, na vituo vya watoto wachanga vyenye vyumba vya kunyonyeshea na pampasi za kununua. Na baba watoto asibebe begi la pili "la tahadhari". Begi la pili hujazwa kwa sababu lipo tu.

Nina simu moja na pawabenki ya mAh 20,000. Naenda Abu Dhabi kupanda ile ya Ferrari. Wenzangu wananiambia nibebe mbili ili nisikose video. Ni kweli?
*Kijana wa Kigamboni*

Si kweli, na hata hiyo moja ni kubwa kuliko haja. Namba iliyoandikwa kwenye pawabenki siyo inayoingia kwenye simu. Betri ya ndani ina volti 3.7, simu inapokea 5 au zaidi, na katika kubadilisha volti sehemu ya umeme inageuka joto. Ukipata asilimia 60 hadi 65 umepata vizuri. Pawabenki ya 10,000 basi inakupa kama 6,000 hadi 6,500 za kweli, yaani simu yenye betri ya 5,000 inajaa mara moja na robo. Siku moja ya bustani haitaki zaidi ya hapo, na uzito unakuwa karibu nusu ya hiyo uliyonayo.

Kwa ndege, pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini, na isizidi wati-saa 100. Yako ya 20,000 ina kama 74, inapita. Ila ukisafiri na Emirates, fahamu kwamba tangu Oktoba 1, 2025 kila abiria anaruhusiwa moja tu, na kuitumia ndani ya ndege ni marufuku. Wenzako wenye ushauri wa mbili wangekuachisha moja uwanjani.

Kinachomaliza betri bustanini ni kioo kinachowaka kwa mwanga wote juani na programu ya ramani inayotafuta mtandao muda wote. Piga picha ya skrini ya tiketi kabla ya kutoka hotelini, chapisha na nakala moja ya karatasi, kisha zima unachoweza. Simu ikipata moto, iweke kivulini kabla ya kuichaji. Simu nyingi hukataa kuchaji zikiwa na joto, na mwenyewe unadhani waya umekufa.

Formula Rossa, hiyo mashine ya Ferrari unayoiendea, inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama 5. Miwani ya kukinga macho unapewa pale pale, usinunue. Video ya ukiwa juu isahau: simu iliyokutoka mkononi kwa mwendo huo inageuka jiwe, na aliye nyuma yako ndiye atakayelipokea usoni. Na kwenye mashine yoyote ya chuma cha mapajani, usiache simu mfuko wa mbele wa suruali. Chuma kikishuka kinaibana dhidi ya mfupa wa paja, kioo kinapasuka, na wewe utalaumu kufunguka kwa mfuko ambao haukufunguka.

Shikamooni. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Tanga kututembelea. Anajichoma insulini mara nne kwa siku na anataka kwenda na wajukuu Canada's Wonderland. Tutabebaje dawa zake bila kubeba friji?
*Mkwe, Toronto*

Marahaba. Friji haihitajiki. Kalamu ya insulini iliyokwisha kuanza kutumika inakaa salama nje ya friji kwa wiki nne, kwa aina nyingi, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo yenye neno la mwisho kwa aina yake. Adui ni wawili: gari lililoegeshwa juani, ambalo ndani yake hupita nyuzi 50 bila shida, na barafu. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Msiilaze kalamu juu ya chupa iliyogandishwa.

Kuna vifuko vya kitambaa vyenye chembe zinazovimba maji. Unakiloweka dakika kama kumi, unakikausha kwa nje, na kinapoza kwa maji kuvukia, kama mtungi. Watu wanakiharibu kwa kukifungia ndani ya mfuko wa plastiki ili begi lisilowe. Maji yasipovukia, hakuna ubaridi. Kikae mfuko wa nje wa begi, upande usiopigwa na jua. Kabati la chuma lililo nje lisipewe dawa hata kwa nusu saa. Dawa zikae na mtu asiyepanda, na bila shaka mama mwenyewe atakuwa amekaa benchi akiwatazama.

Kutembea kutwa kunashusha sukari, na kunaendelea kuishusha saa kadhaa baadaye, mara nyingine mpaka usiku. Joto nalo linaharakisha insulini kuingia mwilini. Abebe sukari ya haraka ya kutosha mara tatu, kila mara gramu 15: vidonge vya glukosi vitatu au vinne, au juisi ya mililita 150. Anakunywa, anasubiri dakika 15, anapima. Bado iko chini, anarudia. Soda ya "bila sukari" haimsaidii, na ndiyo ambayo wajukuu wataikimbilia kwa kudhani inamfaa bibi mwenye kisukari. Wafundisheni kabla. Kiasi cha dozi za siku hiyo akizungumze na daktari wake mapema.

Vipande vya kupimia vikae kwenye kichupa chake kilichofungwa, unyevu unavipotosha. Kabla ya kutoboa kidole anawe kwa maji, si kupangusa tu kwenye kanga. Kidole kilichoshika embe au pipi kinaweza kusoma sukari ya juu isiyokuwepo, akajichoma ambapo hakupaswa.

Bustani nyingi za aina hiyo haziruhusu chakula cha nje, ila mahitaji ya kiafya huruhusiwa. Viwekeni juu kabisa ya begi pamoja na karatasi ya dawa yenye jina lake, na mwambieni mlinzi kabla hajaanza kupekua. Uzito wa vyote hivi haufiki kilo moja.

Huku Minnesota mwezi wa kwanza ni baridi ya kutoa machozi. Nawapeleka watoto kwenye mashine zilizo ndani ya Mall of America. Tatizo langu ni makoti: mbele ya lango tunakuwa kama kituo cha mitumba.
*Baba Pacha, Minneapolis*

Makoti yaacheni kwenye gari. Maegesho ni bure, majengo yake yameunganishwa na maduka, na Nickelodeon Universe iko katikati, chini ya paa la kioo. Jengo hilo halina hita ya kati. Linapashwa na jua la paa, taa na joto la watu wenyewe, na bado ndani ni nyuzi 21 hivi. Hatua zenu za baridi ni kutoka garini hadi mlangoni.

Tena koti nene halifai kwenye kiti cha mtoto garini hata kidogo. Manyoya yake yanabonyea gari likigonga, na mkanda unabaki legelege. Mtoto afungwe akiwa na sweta, koti liwekwe juu yake kama blanketi. Mkifika, koti tayari liko garini. Lililobaki ni kutolibeba. Sweta hilo jembamba ndilo vazi la mashine. Kofia na glavu ziingie ndani ya mkono wa koti huko huko garini, zisije zikapotea moja moja.

Kuingia hamlipi. Mnalipia mashine au mkanda wa kutwa, kwa hiyo mzazi asiyepanda anakaa bure na kashika simu za wote. Begi? Hamlihitaji.

Assalaam alaykum. Tunatoka Muscat kwenda Dubai, bustani ya maji, wanawake wanne na watoto watano. Sote tunajistiri. Tuvae nini ili tusirudishwe kwenye mteremko, na mizigo tuifanyeje?
*Ummu Salim, Muscat*

Wa alaykum salaam. Vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima linakubalika kwenye bustani za maji za Dubai. Kinachorudisha watu ni kitambaa na vyuma. Mteremko ni wa plastiki ngumu iliyopakwa ngozi laini kama kioo. Zipu, kifungo cha chuma au nakshi za mawe zinaikwaruza, na mkwaruzo huo unachana mgongo wa anayefuata. Mfanyakazi atawageuza, na ana haki. Pamba nayo inanyonya maji, inakuwa nzito na kukamata. Mtu anakwama katikati ya mteremko, nyuma yake mwingine anakuja. Dera juu ya suruali halifai kabisa, linapanda kichwani. Tafuteni la laikra au poliesta lililoshonwa kwa ajili ya maji, mtandio wake ukiwa wa kuvaa kama soksi, bila pini. Pini za sumaku nazo ziacheni, zitabaki chini ya bwawa.

Mkitoka humo mkaenda kwenye magari madogo ya mashindano, hapo suala ni la uhai. Ncha ya mtandio au buibui ikifika kwenye ekseli inayozunguka nyuma ya kiti inavutwa kwa nguvu za injini, na dereva wa gari hilo hana muda wa kusimama. Mtandio uingie ndani ya nguo na kofia ngumu juu yake. Buibui livuliwe, ivaliwe suruali na kanzu fupi.

Mizigo: vaeni vazi la kuogelea ndani ya buibui kutoka hotelini, msibebe la pili. Kwa watu tisa, kanga tano zinatosha kukausha, na moja zaidi ikae kavu kwa ajili ya swala. Kabati moja kubwa, si matatu, na ufunguo wake wa mkononi avae mtu asiyependa miteremko mikali. Mdogo asiyejua choo avae nepi ya maji. Pampasi ya kawaida inavimba ikawa kama mto, kisha inapasuka na kumwaga chembe zake bwawani.

Kifuko cha kukinga simu na maji kijaribuni nyumbani bila simu: wekeni tishu ndani, fungeni, zamisheni kwenye ndoo nusu saa. Tishu ikitoka kavu, sawa. Simu inayotangazwa haiingii maji ilipimwa kwenye maji safi yaliyotulia, bila klorini na bila kishindo cha mteremko.

Mafuta ya jua: ya SPF 30 au zaidi, robo saa kabla ya kutoka, kisha kila saa mbili na kila mnapotoka majini. Kwa uso na shingo, mistari miwili ya mafuta kwenye vidole viwili kuanzia mwanzo hadi ncha. Nyinyi mliofunikwa mnabakiwa na uso, viganja na nyayo, kwa hiyo chupa moja ya mililita 200 inawatosha nyote. Stara imewapunguzia mzigo.

Nina wanafunzi 40 wa darasa la tano, tunakwenda Kunduchi kwenye mabwawa na miteremko ya maji. Wazazi wanaleta mabegi kama ya bweni. Nifanyeje?
*Mwalimu, Mbagala*

Mwalimu, toa sheria moja kwenye barua ya wazazi: kila mtoto aje na mfuko mmoja wa kitambaa wa kukaza kwa kamba, wenye namba yake ya darasani kwa maandishi makubwa. Ndani yake kipande cha kanga, chupi kavu na kandambili. Nguo za kuogelea aje amezivaa chini ya sare. Simu hapana. Pesa ya matumizi ikabidhiwe mwalimu wa kundi ikiwa kwenye bahasha yenye namba hiyo hiyo.

Gawanya watoto makundi manne ya kumi kumi, kila kundi na mwalimu wake na kitambaa cha rangi moja mkononi. Namba iandikwe pia kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko, kabla ya kupaka mafuta yoyote. Ukitanguliza mafuta wino haushiki. Mtoto akitoka majini unamhesabu kwa namba. Vichwa vilivyolowa vinafanana vyote.

Begi la mwalimu wa kundi: plasta 10, pakiti 3 za chumvi-sukari ya kuchanganya kila moja na lita moja ya maji, filimbi, orodha ya simu za wazazi iliyofunikwa plastiki, na dawa za pumu za wenye nazo zikiwa na majina. Dawa ya pumu isibaki basini. Mtoto aliyeanza kubanwa kifua hana muda wa kumtafuta dereva.

Maji yaje kwa madumu mawili ya lita 20 na vikombe, si chupa 80 ambazo nusu zitaachwa zimejaa robo. Nguo mbichi ndizo zinazowashinda walimu wengi, hasa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania mwaka 2019. Chukua ndoo nne za plastiki zenye mifuniko, moja kwa kundi. Wakati wa kwenda zinabeba mikate, wakati wa kurudi zinabeba nguo zinazochuruzika, na viti vya basi vinabaki vikavu. Kuhusu chakula cha nje, piga simu wiki moja kabla na uulize jina la aliyekuruhusu, mlangoni litakusaidia.

Kandambili au raba?
*Asiye na maneno mengi, Kisauni*

Raba, za zamani. Siku ya bustani unaweza kutembea kilomita 12 na zaidi, na kandambili zitakutoka kwenye mashine ya kwanza inayoning'iniza miguu. Malengelenge hutokana na ngozi yenye unyevu inayosuguliwa, kwa hiyo soksi ziwe za poliesta au sufi, si pamba tupu, na visigino na vidole vipakwe mafuta ya mgando asubuhi. Saa nane badilisha soksi hata kama hujisikii vibaya. Zilizotoka funga kwenye kamba ya begi zikauke. Ukihisi sehemu inawaka, bandika plasta hapo hapo kabla haijavimba. Kandambili ibaki garini, ya kuendea nyumbani.